Fimbo Tisa na Ukuta wa Chokaa

Walisema sitaweza. Walisema hakuna fimbo ya pool itakayokaa nyoofu Faza mwaka mzima, hata ikilindwa na malaika, sembuse na Lali. Aliyesema kwa sauti kuliko wote alikuwa Bwana Athman, mwenye ukumbi wa meza mbili pale karibu na gati.

"Hapa chumvi inakula mabati," aliniambia mbele za watu. "Inakula pikipiki. Inakula mpaka vitasa vya milango. Wewe na karatasi yako ya Mombasa utaizuia isile kijiti?"

Nikamjibu kwamba karatasi ile inaitwa diploma.

"Ina ukubwa gani?"

"Wa kawaida tu."

"Basi haitoshi kufunikia meza. Ingetosha, ningeiona faida yake."

Waliokuwepo walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Nyinyi vijana mnanijua kama Fundi Lali, ambaye fimbo huletwa kwake kwa mashua kutoka Mkokoni na kwa pikipiki kutoka Pate. Hamkuwepo siku zile fimbo ya pool ilipokuwa kitu cha kutupwa. Ikipinda, ilikuwa ya kuangulia ukwaju. Ikipinda zaidi, ilitegemezea dirisha. Halafu mwenye ukumbi anaagiza nyingine Mombasa, nayo ikifika inaanza kupinda tangu siku ya kwanza.

Mimi sikusomeshwa na mjomba wala tajiri. Niliondoka Faza na jozi moja ya viatu, na kimoja kilikuwa na tundu. Mombasa nilipiga viti vya watu msasa mchana, jioni nikaingia darasani, mpaka nikapata diploma ya useremala na samani. Baadaye nikafanya kazi miaka mingi katika karakana iliyotengeneza meza za pool na fimbo zake. Nilirudi nyumbani na sanduku la zana, diploma ndani ya fremu, na fimbo yangu mwenyewe ndani ya ala. Sisemi haya kwa kujisifu tu, ingawa kujisifu kumo. Nasema ili mjue kwamba aliyefanya kosa nitakalowasimulia hakuwa mjinga. Alikuwa mtu mwenye elimu, na ndiyo maana kosa lenyewe likawa kubwa.

Kwanza niseme la mikono, maana hilo nisipolisema leo nitalisahau.

Fimbo huharibiwa na mikono kabla haijaharibiwa na bahari. Mnakula viazi karai, mnajifuta kwenye suruali, mnashika fimbo. Mafuta yanaingia kwenye mti, juu yake linakuja vumbi la chaki, juu ya chaki linakuja jasho. Baada ya wiki upande ule mwembamba, unaopita vidoleni, unakuwa na rangi ya samawati na unanata kama halwa iliyosahaulika juani. Halafu mnajipaka poda ya watoto ili uteleze. Poda inateleza kwa mchezo mmoja, kisha inageuka uji. Naweni mikono kwa sabuni. Hiyo ndiyo nusu ya ufundi wangu wote, nami nimewapa bure.

Na msasa acheni. Nilimpokea mchezaji mmoja wa Mkokoni ambaye kila Ijumaa aliisafisha fimbo yake kwa msasa, akijiona mtunzaji hodari. Fimbo iliponifikia ilikuwa nyembamba kama kijiti cha mshikaki. Nilimuuliza kama anachezea pool au anachomea nyama. Msasa hauondoi uchafu peke yake, unaondoa na mti, na mti ukishaondoka hakuna duka la kuurudisha.

Sasa nirudi kwenye ule mwaka wangu wa kwanza.

Mnajua desturi yetu. Ramadhani ikiandama, meza zinafunikwa turubai na ukumbi unafungwa mwezi mzima mpaka Idi. Fimbo hukaa kwenye kona zikila unyevu, na siku ya Idi watu wakirudi wanazikuta zimejikunja kama mikia ya paka. Mimi nikaona nafasi yangu hapo. Siku mbili kabla ya mwezi kuandama nilimwendea Bwana Athman.

"Niazime fimbo zako zote nane," nikamwambia. "Nitazirudisha siku ya Idi, safi na nyoofu. Utaziviringisha juu ya meza yako mwenyewe, mbele ya watu wote."

Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka kuagiza fimbo tu.

"Zikirudi nyoofu," akasema, "kazi yote ya ukumbi huu ni yako, na nitawaambia wenzangu wa Kizingitini na Pate. Zikirudi zimepinda, utapanda boti na diploma yako urudi ulikotoka. Usifungue karakana hapa ukatuharibia vitu."

Nikakubali. Sikuwa na kwingine kwa kwenda. Mombasa nilishaaga, na nyumba ya marehemu baba ndiyo pekee iliyokuwa na mlango wa kunifungukia.

Jirani yangu Bi Rehema alisikia habari hizo. Mwanawe Abdalla alikuwa akifanya kazi ya ujenzi kule bandari mpya, upande wa Kililana, na alikuwa mchezaji aliyeogopwa kisiwa kizima. Fimbo yake aliiacha kwa mamake, nyuma ya mlango.

"Chukua na hii, Bwana Lali," akasema Bi Rehema. "Abdalla anakuja Idi. Aikute inang'aa kama ya bwana harusi."

Nikamwomba na kitu kingine: kile kioo kinene cha rafu ya kabati lake la vyombo. Fimbo hupimwa kwa kuviringishwa juu ya kitu kilicholala sawasawa, na Faza nzima sikuona kitu kilicholala sawasawa kuliko kioo kile. Akatoa vikombe vyake kimoja kimoja, akanipa. "Kikivunjika," akasema, "na wewe usirudi."

Basi nikawa na fimbo tisa na kioo cha watu.

Fundi mwenye akili angeziviringisha zote tisa siku ileile, aone kila moja imekuja na hali gani. Mimi nilizitazama kwa jicho. Niliamini mtu mwenye diploma hana haja ya zaidi ya jicho. Nikazifuta kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, zikatoa uchafu mpaka kitambaa kikawa rangi ya bahari. Kwenye ile ya Abdalla palikuwa na doa jeusi dogo, karibu na mahali pa kushikia, kama tone la kahawa iliyoungua. Lilinikera. Nikalisugua mpaka likatoka. Nilijiona bingwa.

Tena kwa kuwa Ramadhani inaingia, nilikuwa nimeipaka nyumba chokaa kama tunavyofanya sote, mara mbili, ukuta ukawa mweupe unaumiza macho. Nikazipanga fimbo zangu tisa zikauegemea, zimesimama kama askari wa gwaride. Nikarudi nyuma kidogo nizitazame. Niliona picha ya mtu aliyefaulu.

Siku ya tano ya mfungo nilichukua moja, nikailaza juu ya kioo nikaiviringisha. Fimbo nyoofu hutoa sauti moja laini, kama pumzi. Ile ilisema tak, tak, tak. Nikachukua ya pili. Tak, tak. Ya tatu, hivyohivyo. Zote tisa. Nilikaa chini sakafuni na saumu yangu, nikamwona Bwana Athman kichwani mwangu akinishikia kamba ya boti.

Diploma haikuwa imenifundisha chokaa. Mombasa karakana yetu ilikuwa na kuta za saruji na feni nne.

Kesho yake nilikodi pikipiki mpaka Siyu. Nilijiambia nakwenda kununua ngozi ya kutengenezea ncha za fimbo, maana Siyu ndiko kwenye mafundi wa ngozi. Kweli ni kwamba nilitaka kukimbia macho ya watu. Nilibeba fimbo moja iliyopinda ndani ya kikoi.

Fundi niliyemkuta aliitwa Mzee Bwanaheri. Alishona makubadhi tangu utotoni, mikono yake ilikuwa imeiva kama ngozi aliyoishona. Pool hakuipenda. Aliniambia mapema kwamba kwake ni kazi ya watu wasio na kazi. Lakini nilipoifungua fimbo, aliipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto. Akaiegemeza shavuni, akaizungusha polepole.

"Ningeonda kwa ulimi," akasema, "lakini nina saumu. Mti huu umenwa mai upande moya."

Yaani angeuonja, na mti umekunywa maji upande mmoja. Shavu lake lilisikia ubaridi ambao vidole vyangu vya diploma havikuusikia.

"Uliuegemeza wapi?"

"Ukutani, Mzee."

"Ukuta ulipakwa lini?"

Nikamwambia. Hakucheka. Angecheka ningeona nafuu.

"Bwana wewe," akasema, "chokaa mbichi hutoa jasho mwezi mzima. Hata kiatu hukiweki hapo. Wewe waweka mti mwembamba kama huu?"

Nikamuuliza kama kuna dawa. Akaniuliza kama nina kamba na boriti. Ninavyo, nikamjibu. Basi, akasema, zitundike zote kutoka darini, kila moja peke yake, isiguse ukuta wala mwenzake, upepo uzizunguke pande zote. Nisiziweke juani, wala nisizipinde kwa magoti kama mtu anayevunja kuni. Kila siku niteremshe moja moja niisugue kwa ngozi, mkono uende na kurudi, mpaka kiganja kione moto. Joto lile dogo huutoa unyevu na hufunga vinyweleo vya mti. Kisha niibonyeze kidogo kwa vidole, upande uliotokeza, niirudishe kambani.

Akatoa kipande cha ngozi ya mbuzi, laini, chenye upana wa kiganja, kilichochakaa kwa miaka ya kung'arisha. Nikataka kulipa.

"Hiki hakiuzwi. Alikitumia babangu. Nimekuazima tu. Kikimaliza kazi, ndoo nacho, unirudishie."

Vijana, nimesoma vitabu vya mbao. Nimesikiliza waalimu waliovaa tai. Sijapata somo lililonyooka kama lile la mzee ambaye hakuwahi kushika fimbo ya pool maishani mwake. Kila mnachokiona mikononi mwangu leo, kile kinachowafanya mseme "Fundi Lali ana mkono," nusu yake ni ya Siyu. Nusu nyingine ni yangu. Siwezi kumpa yote.

Nikazitundika. Fimbo tisa zikaning'inia sebuleni, upepo wa madirishani ukizizungusha. Jirani mmoja akachungulia akauliza kama nakausha samaki wa ng'onda. Jina likashika. Mpaka Idi nilikuwa nikiitwa Bwana Ng'onda, na watoto waliniuliza nauza kilo ngapi.

Kila siku baada ya sala ya alasiri nilisugua. Ngozi ile haikwangui kama msasa. Inalainisha, inafunga, inauacha mti mtupu na mng'ao wake mwenyewe, bila mafuta wala rangi. Tangu hapo sijapaka fimbo kitu kingine. Leo mkinikuta nasafisha, mtaona hatua ni zilezile: kitambaa kilicholowa na kukamuliwa mpaka hakidondoshi hata tone, kitambaa kikavu mara moja nyuma yake, kisha ngozi. Pakiwa na kijishimo kwa sababu mtu kagonga ukingo wa meza kwa hasira, naweka kipande cha karatasi laini chenye unyevu juu ya pale tu, mti unavimba na kujaza, halafu ngozi tena. Zile fimbo nyeusi za kaboni mnazoleta sasa kutoka Mombasa hazihitaji haya yote, nazo nazipenda kwa kweli; nilipoiviringisha ya kwanza nilivua kofia. Lakini nazo zinataka mikono safi.

Wiki ya tatu ya mfungo fimbo nane zilikuwa zimeanza kusema kwa ile sauti ya pumzi. Ya tisa iligoma. Ilikuwa ya Abdalla. Kila nikiiviringisha, tak, tak. Nilijua ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na kona, kwa hiyo nikaona imeumia kuliko wenzake. Nikaisugua mara mbili kwa siku. Nikaibonyeza asubuhi, nikaibonyeza alasiri. Niliitundikia na jiwe chini. Siku mbili kabla ya Idi ilinyamaza, ikateleza juu ya kioo cha Bi Rehema kama mafuta. Katika kazi zangu zote hiyo ndiyo niliyoiona bora.

Siku ya Idi tukaswali, tukapeana mikono, na baada ya chakula ukumbi ukafunguliwa. Nilipita mtaani na mzigo wangu begani. Bwana Athman akatoa turubai, akapangusa meza, akaviringisha ya kwanza. Kimya. Ya pili. Kimya. Mpaka ya nane. Akaichukua ile ya mwisho, akaipitisha vidoleni, akaitazama kama aliyepokea barua asiyoitarajia.

"Haya," akasema. "Boti ikusubiri mwakani."

Kwa Bwana Athman hiyo ni shairi zima. Kati ya walioniamini na vitu vyao, wa kwanza nikawa nimemlipa, na karakana yangu ikawa imefunguliwa kwa maneno yale.

Kisha akaingia Abdalla na kanzu yake mpya, Bi Rehema nyuma yake amesimama mlangoni, maana alitaka aone mwanawe anavyofurahi. Nikampa fimbo. Akaibusu, akaishika, na nikaona uso wake ukibadilika kidogo kama mtu aliyevaa kiatu cha mwenziwe. Akacheza na bingwa wa Pate. Mpira wa kwanza ukapita kando ya mfuko. Wa pili ukapita kando. Wa tatu alipoukosa, bingwa wa Pate akamuuliza kama bado anaendelea na mfungo.

Abdalla akailaza fimbo mezani, akaiviringisha. Ikateleza kimya kabisa.

"Nani kagusa fimbo yangu?"

"Si imenyooshwa, mwanangu," akasema Bi Rehema. "Bwana Lali kaifanyia kazi mwezi mzima."

"Mama, fimbo hii imepinda tangu siku niliyoipata. Mimi nimejifunza kuchezea hapohapo." Akaigeuza, akatafuta kitu kwa kidole. "Na alama yangu iko wapi? Niliichoma kwa msumari, nijue ikiwa juu, mpindo unakaa chini. Alama iko wapi?"

Nililikumbuka lile doa la kahawa. Ukumbi ulinigeukia wote.

"Bwana Diploma," akasema Athman, taratibu, "umenyoosha mpaka kisichotaka."

Nilikimbilia nyumbani, nikaleta fimbo yangu mwenyewe, ile niliyorudi nayo kutoka Mombasa. Nikamwambia Abdalla aichukue, iwe yake. Akaipima, akaitazama kwa heshima, akanirudishia.

"Ni fimbo nzuri, Bwana Lali. Mimi siijui."

Hakunitukana. Angenitukana ningejitetea. Bi Rehema alirudi nyumbani bila kunitazama, na kioo chake bado kilikuwa sebuleni kwangu.

Siku ya pili ya Idi nilikuwa Siyu. Mzee Bwanaheri safari hii alicheka, alicheka mpaka akaweka sindano chini na kujifuta macho kwa kofia.

"Ukuta ungaliko?" akauliza.

"Upo, Mzee. Lakini umekauka."

"Basi upake tena. Ulivyoupinda mti kwa ujinga, sasa upinde kwa akili. Mwite mwenye fimbo asimame hapo, yeye ndiye ayuwae ulikuwa vipi."

Nikapaka chokaa kipande cha ukuta, upana wa mlango. Abdalla akaja, hana furaha, akanionyesha upande gani ulikuwa ukitokeza. Tukaiegemeza. Likizo yake ilikuwa imebakiza wiki moja. Kila asubuhi alikuja kabla ya chai, tukaitoa ukutani, tukaiviringisha juu ya kioo cha mamake.

"Bado," alisema siku ya kwanza.

"Bado," ya pili.

Siku ya tatu alifumba macho, akaipitisha kwenye vidole, akasema, "Inakuja." Nilistaajabu. Mimi nilihitaji kioo. Yeye alihitaji kidole gumba tu. Mchezaji anayeijua fimbo yake namna ile ana elimu isiyoandikwa kwenye fremu, nami nilimwambia hivyo. Akatabasamu mara ya kwanza tangu Idi.

Siku ya tano akasema, "Hapo. Ishike hapo."

Nikaitoa ukutani, nikaitundika kwenye upepo ikauke hivyo hivyo, kisha nikaisugua kwa ngozi ya Siyu, kwa adabu, nisiuulize mti maswali mengine. Abdalla akapasha msumari jikoni kwangu, akaichoma alama yake palepale pa zamani.

Asubuhi ya siku aliyokuwa aondoke nilikwenda Siyu kurudisha ngozi. Mzee Bwanaheri akaipokea, akaiegemeza shavuni, akanusa, akaitia chini ya ubao wake. Nilijua nimelipa. Adhuhuri ukumbi ulijaa, kwa kuwa habari ilishaenea. Bingwa wa Pate alikuwa hajaondoka. Abdalla akageuza alama juu, akainama, na mpira ukaingia mfukoni kana kwamba umeitwa kwa jina. Akauingiza na mwingine. Bwana Athman akanisukumia kiti.

Kabla Abdalla hajapanda mashua ya Kililana tulipita kwa mamake, yeye na fimbo, mimi na kioo nimekikumbatia. Bi Rehema alikuwa ameweka vikombe vyake mkekani, tayari. Akasema tuiviringishe mara moja zaidi kabla hakijarudi kabatini, naye asikie. Nikaiviringisha.

Tak, tak, tak.

"Ndiyo yenyewe," akasema Bi Rehema, akapanga vikombe.

Fimbo nyingi zimepita mikononi mwangu tangu siku ile, na zote zimetoka zimenyooka. Ile moja tu ilitoka imepinda, na ndiyo ninayoitaja kwanza mtu akiniuliza nilifanya kazi gani.